Reli ya mpakani iliyouawa ikafufuka: Kwa nini Waskoti hawajasahau treni zao

SAA ya mnara wa Hoteli ya Balmoral, iliyo juu ya stesheni ya Waverley mjini Edinburgh, haisemi kweli. Kwa makusudi imewekwa mbele kwa dakika tatu, ili msafiri anayeiona kwa mbali akaze mwendo na kuiwahi treni yake. Kwa mwaka mzima husema kweli usiku mmoja tu, ule wa kuamkia Mwaka Mpya, umati unapokusanyika barabarani kuhesabu sekunde.

Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1902 na kampuni ya reli ya North British. Kampuni yenyewe ilishakufa, treni za mvuke zilishaondoka, na jina la hoteli lilishabadilishwa. Dakika zile tatu hazijaguswa. Mskoti ukimuuliza kwa nini, atakwambia treni si chombo cha kusafiria tu, ni sehemu ya namna watu wake walivyopanga siku, wakauza mali, wakaagana na jamaa na kurudi nyumbani.

Hamu hiyo ya treni za zamani iko kila pembe ya Uskoti. Wapo wanaokusanya taa na vibao vya stesheni zilizobomolewa, wapo wanaojitolea kila mwisho wa wiki kukarabati injini za mvuke, na wapo wanaotembea kwa miguu juu ya tuta la reli iliyong'olewa, wakihesabu madaraja. Lakini hakuna mahali ambako hamu hiyo imebeba uchungu na hesabu ya mali kama kwenye njia moja iliyovuka mpaka wa Uskoti na England. Hiyo ni Njia ya Waverley, iliyofungwa mwaka 1969, ikalala kwa miaka 46, kisha sehemu yake ikafufuka. Kwa mtu anayeishi kwa kuvusha bidhaa mpakani, kisa chake kinafaa kusomwa hadi mwisho.

Mwavuli wa watu wa Nyanda za Juu

Kwanza, wanachokikumbuka ni nini hasa?

Mjini Glasgow, stesheni ya Central imepita juu ya barabara ya Argyle kwa daraja pana lenye kuta za vioo. Chini ya daraja hilo mvua haifiki, na Glasgow ni mji wa mvua. Watu waliohamia mjini kutoka Nyanda za Juu na visiwani kutafuta kazi walikuwa wakikutana pale wakati wa mapumziko. Walizungumza Kigaeli, lugha yao, wakaulizana habari za nyumbani na kuambizana wapi kuna kibarua. Mahali hapo pakaitwa Mwavuli wa Mtu wa Nyanda za Juu, na jina hilo linatumika hadi leo. Kila mji mkubwa wenye wageni kutoka bara una pembe ya namna hiyo, mahali ambapo mtu hupata habari za kwao bila kulipa nauli.

Ndani ya stesheni hiyohiyo kuna ganda la kombora la Vita ya Kwanza ya Dunia lililogeuzwa kuwa sanduku la sadaka. Vizazi vya wapenzi, ndugu na marafiki vimeahidiana kukutana penye "kombora". Ilipofika Julai, viwanda vya Glasgow vilipofunga kwa likizo, maelfu ya familia walipanda treni kwenda pwani. Wengi walishukia Wemyss Bay, stesheni iliyojengwa mwaka 1903 kwa mchoro wa James Miller. Paa lake la vioo limepinda kama kiganja, na njia yake yenye paa huteremka taratibu hadi gatini, ambako meli za kwenda Rothesay zilisubiri. Abiria alishuka kwenye treni na kuingia melini bila kulowa.

Kumbukumbu nyingine ni za vitu vidogo. Wazee hutaja madirisha yaliyoteremshwa kwa mkanda wa ngozi, picha za fukwe zilizobandikwa chini ya rafu ya mizigo, vibao vya stesheni vya rangi ya samawati iliyotumiwa na kanda ya Uskoti ya Shirika la Reli baada ya reli kutaifishwa mwaka 1948, na tiketi za kadibodi, ndogo na ngumu, zilizotobolewa na mkaguzi. Tiketi hizo zilibuniwa miaka ya 1830 na Thomas Edmondson, mkuu wa stesheni ndogo karibu na Carlisle, jirani kabisa na mpaka wa Uskoti. Zilisambaa dunia nzima, na abiria wa zamani wa reli za Afrika Mashariki nao wanazijua vizuri.

Si kila kitu kilikuwa kitamu. Moshi wa makaa ya mawe uliingia machoni, masizi yaliharibu kola za mashati, vyumba vya kusubiria vilikuwa na baridi kali, na ratiba haikuheshimiwa kila siku. Wanaokumbuka treni wanajua hayo. Wanachokililia ni kwamba zilifika, na zilifika kwao.

Njia iliyobeba sufu na kondoo

Njia ya Waverley ilianzia Edinburgh ikaelekea kusini hadi Carlisle, mji wa kwanza mkubwa upande wa England. Ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 158. Kipande cha kwanza, hadi mji wa Hawick, kilikamilika mwaka 1849. Jina lilitokana na riwaya za Waverley za Sir Walter Scott, mwandishi aliyeishi Abbotsford, jirani na Galashiels, katika nchi ileile ambayo reli ilipita baada ya kifo chake.

Kufika Hawick kulichukua muda mfupi. Kuvuka mpaka kulichukua miaka 13 zaidi. Kampuni pinzani, Caledonian, ilikuwa imefika Carlisle kutoka kaskazini mwaka 1848 kwa njia nyingine, na haikutaka mgeni katika mji ule. North British ilipambana nayo bungeni na sokoni hadi mwaka 1862, ndipo treni zake zikaingia Carlisle kupitia Hawick. Baadaye stesheni ya Carlisle ilikuja kutumiwa na kampuni saba tofauti, kila moja na rangi zake za injini, makarani wake na viwango vyake vya nauli. Mfanyabiashara aliyepeleka mzigo kutoka Uskoti kwenda kusini alijua kwamba pale ndipo hesabu inapobadilika mikono.

Nchi iliyopitiwa na reli hiyo ni ya vilima, upepo na kondoo. Treni zilipanda hadi Whitrope, zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, na kupenya handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Kwa injini ya mvuke iliyokokota mabehewa mengi wakati wa theluji, ile ilikuwa kazi ya jasho. Mpishi wa makaa aliyeimudu Whitrope usiku wa Januari alikuwa na la kusimulia.

Ugumu huo ulikuwa na faida yake. Galashiels na Hawick ni miji ya sufu. Galashiels ilifuma vitambaa vizito vya suti vinavyoitwa tweed. Hawick ilijulikana kwa soksi, fulana na sweta. Majina kama Pringle, iliyoanzishwa mwaka 1815, na Lyle & Scott, ya mwaka 1874, yalizaliwa Hawick na yakaja kuonekana madukani duniani kote. Reli ilileta makaa ya mawe ya kuendeshea mitambo na sufu ya ziada kutoka nje, kisha ikaondoka na vitambaa na nguo. Mwenye kiwanda hakuhitaji kuwa na gari lake. Vifurushi vilifika stesheni jioni, vikapakiwa kwenye treni ya abiria, na mali ikawa njiani kuelekea miji ya kusini usiku uleule.

Majira ya vuli yalikuwa na shughuli yake. Wafugaji waliteremsha wanakondoo kutoka milimani kwenda minadani Hawick na St Boswells. Wanunuzi walitoka pande zote mbili za mpaka. Mnada ulipokwisha, mifugo iliswagwa hadi stesheni na kupakiwa kwenye mabehewa maalumu ya ghorofa, mengine yakienda kaskazini na mengine kusini. Bei ya kondoo wa mlimani haikutegemea tena mchinjaji wa kijijini peke yake. Ilitegemea ni miji mingapi inaweza kumfikia kondoo yule kabla hajakonda.

Mambo yalikuwa hayohayo kwingineko Uskoti. Aberdeen ilipata soko la London kwa nyama na samaki baada ya reli kufika katikati ya karne ya 19. Mallaig, kijiji cha pwani ya magharibi kilichofikiwa na reli mwaka 1901, kikageuka bandari kubwa ya samaki. Kujenga njia ya kwenda huko hakukuwa mchezo. Juu ya kinamasi cha Rannoch reli iliwekwa kwenye kitanda cha matawi, mizizi na udongo ili isizame, na huko Glenfinnan likajengwa daraja la zege lenye matao 21, jambo lililokuwa geni wakati huo. Leo watalii wanafurika kulipiga picha. Waliolijenga waliwaza samaki.

Kijiji ambacho barabara yake ilikuwa reli

Hakuna mahali panapoeleza Njia ya Waverley kuliko Riccarton Junction. Kilikuwa kijiji kilichojengwa na kampuni ya reli katikati ya vilima, mahali ambapo tawi la kwenda Hexham, England, liliungana na njia kuu. Wakazi walikuwa madereva, wapishi wa makaa, washika ishara na mafundi wa njia, pamoja na familia zao. Kulikuwa na shule, karakana ya injini na duka la ushirika lililokuwa palepale stesheni.

Barabara haikuwapo. Kwa takriban miaka 100, mtu aliyetaka kuingia au kutoka alipanda treni au alitembea kwa miguu juu ya reli. Unga, makaa na barua vilifika kwa treni. Mgonjwa aliondoka kwa treni. Watoto waliomaliza shule ya kijiji walikwenda sekondari Hawick kwa treni na kurudi jioni. Ni miaka ya 1960 tu ndipo njia ya gari ya idara ya misitu ilipofika pale, wakati kijiji chenyewe kilikuwa kimeanza kufa.

Kwa watu wa Riccarton, swali la kama reli inaleta faida au hasara lilikuwa sawa na kuuliza kama mlango wa nyumba unaleta faida. Nyumba isiyo na mlango haina hesabu ya kupigwa.

Hesabu ya wiki moja

Swali hilo hata hivyo liliulizwa, tena na mtu mwenye kalamu nzito. Kufikia miaka ya 1960, reli za Uingereza zilikuwa zikipata hasara kubwa kila mwaka. Malori na magari binafsi yalikuwa yameteka mizigo na abiria. Serikali ilimkabidhi kazi Dkt Richard Beeching, aliyetoka katika kampuni kubwa ya kemikali, aongoze shirika la reli na kulitafutia dawa.

Ripoti yake ilitoka Machi 1963. Ilionyesha kwamba theluthi moja ya mtandao ilibeba asilimia moja tu ya safari za abiria. Ikapendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,000 na takriban kilomita 8,000 za njia. Njia ya Waverley ilikuwa kwenye orodha.

Takwimu zile hazikuwa za uongo. Ubishi ulikuwa juu ya namna zilivyopatikana. Sehemu kubwa ya ripoti ilitegemea hesabu ya wiki moja ya Aprili 1961. Wiki ya Aprili haina wanakondoo wa vuli. Haina familia za likizo ya Julai. Stesheni inayojaa miezi mitatu na kupumua miezi tisa ilionekana mfu. Tena ripoti ilihesabu tiketi zilizouzwa stesheni kwa stesheni, kwa hiyo mgeni aliyekata tiketi London kwenda Melrose alihesabika kuwa mapato ya London. Stesheni ndogo ilionekana ombaomba, ilhali ndiyo iliyomfanya yule mtu asafiri.

Mfanyabiashara yeyote anaijua hatari hiyo. Ukikagua duka siku moja ambayo si siku ya soko, kisha ukaamua kulifunga, hujasema uongo. Umechagua siku mbaya ya kuuliza.

Usiku wa jeneza na geti

Wakazi wa mpakani hawakunyamaza. Madge Elliot, mama wa nyumbani wa Hawick, aliongoza ukusanyaji wa saini za kupinga. Desemba 1968 alizipeleka London hadi ofisi ya Waziri Mkuu, akiwa na mwanawe mdogo na mbunge wa jimbo, David Steel. Saini zilikuwa 11,678. Lakini Waziri wa Uchukuzi, Richard Marsh, alikuwa ameshaamua, na uamuzi haukubadilika.

Treni ya mwisho ya abiria kuvuka mpaka kwa njia ile iliondoka Edinburgh saa 3:56 usiku, Jumapili, Januari 5, 1969. Ilikuwa na mabehewa ya kulala ya kwenda London. Mjini Hawick umati uliisubiri na jeneza lenye maandishi yanayosema reli ilizaliwa 1849 na kuuawa 1969. Jeneza lilipakiwa kwenye treni, likiwa limeandikiwa anwani ya waziri.

Ilipokaribia kijiji cha Newcastleton, karibu na mpaka, treni ilikuta geti la reli limefungwa. Wanakijiji walikuwa wamesimama relini usiku wa baridi, wakiongozwa na mchungaji wao, Brydon Maben. Polisi waliitwa na mchungaji akakamatwa. Wanakijiji wakasema hawatoki mpaka aachiwe. David Steel, aliyekuwa abiria ndani ya treni hiyo, akashuka kusuluhisha. Mapatano yalikuwa mepesi, mchungaji aachiwe na watu wafungue geti. Ndivyo ilivyofanyika. Treni ikafika Carlisle ikiwa imechelewa kwa takriban saa mbili.

Januari 6 hakukuwa na treni ya abiria. Miaka michache baadaye hakukuwa na reli pia, kwa sababu vyuma na mataruma viling'olewa na kuuzwa. Vipande vya ardhi viligawanywa, na baadhi ya sehemu zikajengwa nyumba na barabara.

Miaka 46 bila filimbi

Eneo la Mipaka likabaki bila hata stesheni moja. Hawick, mji wa viwanda uliozoea treni za London, ulijikuta mbali na reli kwa kila upande. Basi lilichukua nafasi ya treni, likipita barabara za vilima zenye kona nyingi, na safari ikawa ndefu zaidi. Vijana waliokwenda kusoma au kufanya kazi Edinburgh waliona ni nafuu kuhamia kuliko kwenda na kurudi.

Si haki kuitwisha kufungwa kwa reli lawama zote. Viwanda vya sufu vilikuwa vimeanza kubanwa na ushindani wa nguo za bei nafuu kutoka ng'ambo, na vingi vingeyumba hata kama treni ingebaki. Lakini mji unaopoteza viwanda huku umepoteza pia njia ya kufika penye kazi nyingine umepigwa mara mbili. Hicho ndicho watu wa Galashiels na Hawick walichokuwa wakikisema kila walipokumbuka treni, kwamba njia yao ya pili ya kupata riziki iliondoka pamoja nazo.

Hapo ndipo kumbukumbu ikageuka kazi. Wapenzi wa reli walitunza picha, ratiba na vibao. Huko Whitrope kikundi cha kujitolea kikajenga kituo cha kumbukumbu na kulaza tena kipande cha reli. Mwaka 1999 ikaanzishwa kampeni rasmi ya kurudisha treni, iliyowaunganisha wakazi, wafanyabiashara na wanasiasa. Hawakuja na machozi peke yake. Walikuja na hesabu za bei za nyumba, uhaba wa wafanyakazi na msongamano wa magari kuingia Edinburgh. Mwaka 2006 Bunge la Uskoti likapitisha sheria ya kuijenga upya sehemu ya kaskazini.

Bei ya kurudisha kilichong'olewa

Kurudisha kuligharimu pauni milioni 294 kwa bei za mwaka 2012, kwa kilomita 49 tu, kutoka Edinburgh hadi Tweedbank. Wajenzi walikuta mengi yamebadilika. Barabara kuu inayouzunguka mji wa Edinburgh ilikuwa imekata tuta la zamani, ikabidi reli mpya ipitishwe chini yake. Mjini Galashiels, eneo la stesheni ya zamani lilikuwa limeshajengwa, hivyo stesheni mpya ikabanwa pembeni, na ng'ambo ya barabara kukajengwa kituo kipya cha mabasi. Ili kubana matumizi, sehemu kubwa ya njia ilijengwa kwa reli moja, yenye vipande vichache vya kupishana. Treni moja ikichelewa, nyingine nazo husubiri.

Treni za abiria zilianza Septemba 6, 2015. Siku tatu baadaye, Malkia Elizabeth alifungua njia rasmi, siku ileile aliyovunja rekodi ya kutawala muda mrefu kuliko mfalme au malkia yeyote wa Uingereza kabla yake. Treni yake ilivutwa na injini ya mvuke ya mwaka 1937. Watu walijipanga kandokando ya njia, wengine wakiwa na wajukuu ambao walikuwa hawajawahi kuona treni ikipita kijijini kwao.

Mwaka wa kwanza njia hiyo ilirekodi safari za abiria zaidi ya milioni 1.2. Stesheni za Tweedbank na Galashiels, ambazo wataalamu walizikadiria kidogo, zilijaza watu kupita makadirio. Zile za karibu na Edinburgh, zilizotarajiwa kung'ara, zilianza chini ya makadirio. Kwa mara nyingine hesabu ya mezani ilikuwa imewadharau watu wa mbali.

Miaka sita baadaye, Galashiels ilipata jumba la maonyesho ya pazia kubwa lililotariziwa kusimulia historia ya Uskoti. Mgeni hushuka kwenye treni na kufika kwa miguu. Hata hivyo Hawick bado inasubiri. Kipande cha kutoka Tweedbank hadi Carlisle, ndicho hasa kilichovuka mpaka, bado ni tuta la majani na madaraja matupu. Kampeni ya kukirudisha inaendelea.

Injini za Glasgow zilizokuja Afrika Mashariki

Kumbukumbu hizi haziko mbali na huku kama zinavyoonekana. Katika mtaa wa Springburn mjini Glasgow kulikuwa na viwanda vya injini vilivyolisha nusu ya dunia. Mwaka 1903 kampuni tatu ziliungana kuunda North British Locomotive Company, iliyokuwa kubwa kuliko watengenezaji wote wa injini barani Ulaya wakati ule. Injini iliyokamilika ilikokotwa barabarani hadi mto Clyde, watoto wakiifuata kwa makelele, na winchi kubwa ya Finnieston ikainyanyua na kuiweka melini. Winchi hiyo bado imesimama. Kampuni ilifungwa mwaka 1962, iliposhindwa kuhama vizuri kutoka mvuke kwenda dizeli.

Miongoni mwa wateja wake lilikuwa shirika la pamoja la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Miaka ya 1950 injini za aina ya 29 na 30 zilitoka Glasgow, zikaja kuvuta mizigo na abiria Kenya, Uganda na Tanganyika. Za aina ya 29 zilipewa majina ya makabila ya ukanda huu. Mojawapo, yenye jina Masai of Kenya, iko katika Jumba la Makumbusho la Reli mjini Nairobi, na pembeni yake kuna Nyaturu, ya aina ya 30, iliyobeba jina la watu wa Singida.

Injini hizo zilijengwa kwa ajili ya shirika lisilojua mipaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika likagawanywa, na kila nchi ikabaki na vichwa vyake, mabehewa yake na madeni yake. Wazee waliofanya kazi relini Nairobi, Tabora au Kampala wanayo hamu yao, na haitofautiani sana na ile ya Riccarton.

Kinachobaki mkononi

Watu wa mpaka wa Uskoti na England wamelipa ada kubwa kwa somo lao, na wengine wanaweza kulisoma bure.

La kwanza ni kwamba njia ya biashara haipimwi kwa wiki moja. Mwenye kuiteteza aandike mwenyewe misimu yake: lini mzigo hujaa, lini hupungua, unatoka wapi na unaishia wapi. Watu wa Hawick walipeleka saini 11,678 wakati uamuzi ulishafanyika. Waliofanikiwa baada ya mwaka 1999 walipeleka hesabu kabla ya uamuzi.

La pili ni kwamba kufunga huduma ni jambo moja, na kung'oa na kugawa ardhi ni jambo jingine. Treni iliyosimama inaweza kuanza kesho asubuhi. Tuta lililojengwa nyumba hurudi kwa mamia ya mamilioni ya pauni, na hurudi likiwa nusu.

La tatu ni kwamba kumbukumbu ina thamani ya kazi. Bila wale walioonekana wendawazimu wa kutunza vibao, ratiba na picha za stesheni zilizokufa, pasingekuwa na mtu wa kuonyesha kwamba reli ile iliwahi kubeba watu na mali, na kwamba ingeweza kubeba tena.

Leo treni ya Tweedbank huondoka Edinburgh na kufika mwisho wa njia kwa muda usiofikia saa moja. Pale reli inakoma. Mbele ya vizuizi vya mwisho, tuta la zamani bado linaelekea kusini, kwenda Hawick, Riccarton na mpakani.